Mbu Ana Muziro Gani? Niliyojifunza Nikiokota Wadudu Muleba

Kwa misimu kadhaa nilikuwa kibarua wa kukusanya mbu vijijini Muleba. Alfajiri unatandika shuka nyeupe chumbani kwa watu, unafunga madirisha, dawa inapulizwa, unasubiri dakika 10, kisha unapiga magoti na kibano kuokota walioanguka.

1. Sura haitaji ukoo

Nilidhani mbu wa malaria ni mmoja. Msimamizi akaniwekea wawili chini ya darubini, akaniambia nitafute tofauti. Nilitazama hadi macho yakaniwasha. Mmoja alikuwa Anopheles gambiae, mwenzake Anopheles arabiensis, na kwa jicho hata profesa angekwama. Hadi miaka ya 1960 walihesabiwa kuwa spishi moja. Kilichowafichua ni ndoa: wakizalishwa pamoja, watoto wao wa kiume hutoka tasa. Siku hizi mguu mmoja tu ukifika maabara, vinasaba vinajibu.

Bibi mmoja tuliyetandika shuka chumbani kwake alicheka nilipomsimulia. "Waitu, kwa hiyo hata mbu mnamwuliza muziro?" Kwa asiye mwenyeji: kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kitu ambacho wanaukoo hawali, na kijana akitaka kuoa hilo huulizwa mapema. Nilimjibu ndiyo. Maelezo yote niliyosikia semina hayajaufikia mfano wake.

2. Ndugu hawa hawalali pamoja

Gambiae hupenda damu ya mtu, ndani ya nyumba, usiku wa manane, kisha hutua ukutani kupumzika. Arabiensis hachagui sana. Ng'ombe anamtosha, na mtu aliyekaa uani akipiga soga kabla ya kulala anamfaa pia. Ndiyo maana chandarua na dawa ya ukutani humwumiza zaidi wa kwanza. Magharibi mwa Kenya, vyandarua vilipoenea, gambiae alipungua mno, arabiensis akabaki akitamba.

3. Kibandiko kwanza, chai baadaye

Nilichanganya vichupa vya vijiji viwili. Vilitupwa vyote. Sitaki kulizungumzia zaidi.

4. Jirani si lazima awe ndugu

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha vinasaba vya gambiae wa magharibi mwa Kenya, wanaokaa beseni hili hili la Ziwa Victoria, na wa Senegal, karibu kilomita 6,000 kutoka hapa. Walifanana sana. Kisha wakawalinganisha na wa pwani ya Kenya, kilomita 700 hivi tu: tofauti ikawa kubwa zaidi. Katikati limelala Bonde la Ufa na nyanda zake, ambazo mbu huyu havuki kwa urahisi. Mimi niliyesoma Tanga, nikijiona nimetoka mbali, nilicheka peke yangu.

5. Dawa huchagua nani azae

Mbu wetu wa Muleba walikuwa wakitambaa juu ya chandarua chenye dawa kana kwamba ni pazia. Dawa ya jamii ya pairethroidi hushika mlango wa sodiamu kwenye neva za mdudu. Kwa gambiae wa huku, kiungo kimoja cha protini ya mlango huo, namba 1014, kimegeuka kutoka lusini kuwa serini. Afrika Magharibi kiungo hicho hicho kiligeuka fenilalanini. Badiliko dogo hivyo, lakini aliyenalo huponea na kuzaa, asiyenalo hufa, na baada ya vizazi kadhaa kijiji kizima ni cha wagumu. Mbu wengine huongeza vimeng'enya vinavyosaga dawa kabla haijafika kwenye neva.

Kwa hiyo mwaka 2015 maeneo 48 ya Muleba yaligawiwa vyandarua kwa majaribio. Baadhi vilikuwa na piperonili butoksaidi, inayozima vimeng'enya hivyo, na watoto wa huko walikutwa na malaria kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza kwa maeneo yenye usugu.

Bibi yule alikivuta chandarua kipya, akakinusa. "Na hiki watakizoea lini?"

Nikamwambia tutarudi na shuka msimu ujao.