Kiti cha Dirishani: Maswali na Majibu ya Jiografia kwa Watahiniwa wa Kaplong

Swali la 1. Abiria ametoka Kaplong alfajiri kwa matatu, akapitia Litein na Kericho hadi Kisumu, na sasa anapanda ndege ya asubuhi kwenda Nairobi. Akae upande gani? Toa sababu. (Alama 4)

Jibu. Kushoto, kama anataka maziwa na milima. Ndege inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo kushoto kwake ni kaskazini-mashariki. Ikifuata njia iliyonyooka, baada ya Msitu wa Mau atapata Ziwa Naivasha na kreta ya Longonot (mita 2,776) upande huo, na anga ikiwa safi Mlima Kenya utajitokeza kwa mbali. Ubaya wake ni kwamba jua la asubuhi litampiga machoni.

Hata hivyo, mtoto wa Kaplong ana sababu nzuri ya kukaa kulia. Njia hiyo hupita karibu na Kericho, na kwa hiyo Sotik, Kaplong na Bomet zinabaki kusini, yaani kulia. Majibu yote mawili yanakubalika mradi mwelekeo wa ndege umetajwa. Anayeandika "kulia" na kunyamaza hapati kitu, na wanaofanya hivyo ni wengi.

Swali la 2. Je, jibu hilo linafaa pia kwa safari ya Nairobi hadi Mombasa? (Alama 5)

Jibu. La. Hapa kinachotafutwa ni Kilimanjaro (mita 5,895), ambao uko Tanzania, kusini ya njia ya ndege. Anayekwenda Mombasa akae kulia; anayerudi, kushoto. Saa nayo ina uzito. Asubuhi kilele huwa wazi mara nyingi, kisha mawingu hukifunika kadiri ardhi inavyopata joto. Isitoshe, ndege ya asubuhi ya kwenda Mombasa huwa na jua upande wa kushoto, mbali na macho ya anayetazama mlima. Jioni wakati wa kurudi, jua linalotua huwa upande uleule wa mlima. Kwa hiyo chagua kwenda asubuhi. Hilo ndilo jibu bora katika karatasi hii yote.

Swali la 3. Kwa nini ndege ya alasiri huonyesha machache juu ya nchi ya chai? (Alama 3)

Jibu. Upepo unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya nyanda za Kericho, hewa ikapanda, ikapoa na kujenga mawingu ya radi. Chini huanguka mvua, mara nyingine ya mawe, ile inayochanachana majani ya chai. Juu, abiria huona weupe mtupu na kutikiswa.

Swali la 4. Bawa lina athari gani? (Alama 2)

Jibu. Katika Embraer 190 ya Kenya Airways bawa liko chini ya madirisha, hivyo keti mbele yake. Ukiwa nyuma ya injini, hewa ya moto huifanya picha iwe na ukungu. Dash 8-400 ya Jambojet ina mabawa juu ya madirisha, na ardhi huonekana vizuri zaidi.

Swali la 5. Na asiye na nauli ya ndege?

Jibu. Apande basi la Nairobi linalopitia Bomet na Narok. Kabla ya Mai Mahiu, Suswa iko kulia na Longonot kushoto. Basi likianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, dirisha la kulia ndilo lenye bonde lote. Wakati wa kurudi, mwombe kondakta kiti cha kushoto mapema, kabla gari halijajaa.

Katika mtihani, chora dira pembeni mwa karatasi kwanza, ndipo uandike kushoto au kulia.