Somo: Mguu Ulioteguka na Kurudi Mkarafuuni

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu una haraka zake. Karafuu isipochumwa kwa wakati huchanua, na ikichanua thamani yake hupungua. Ndiyo maana mchumaji aliyeteguka mguu hurudi mtini kabla ya kupona. Basi somo letu ni hili: kuondoka kwa maumivu si dalili ya kwamba mguu umekwisha kupona.

Mguu huteguka unapopinda ghafula kwa ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo zikavutika au zikachanika. Hapo mtu na aache kazi. Afunge kifundo kwa kitambaa bila ya kukaza mno, alale ameuinua mguu juu ya mto, na aweke barafu iliyofungwa katika nguo dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Kukanda kwa maji ya moto na kusugua kwa mafuta kusifanywe siku 2 au 3 za mwanzo, kwani huzidisha uvimbe.

Je, mfupa haukuvunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni nyepesi. Asiyeweza kwenda hatua 4 tangu alipoumia, au anayeumia akibonyezwa nyuma au nchani mwa mifupa miwili itokezayo pande za kifundo, apelekwe hospitali akapigwe eksirei.

Ikiwa ni kuteguka tu, asilale kitandani wiki nzima. Aanze kukanyaga kidogo kidogo kadiri maumivu yaruhusuvyo, kisha ajizoeze kusimama kwa mguu ule mmoja, karibu na ukuta. Zoezi hili hupunguza kuteguka mara ya pili.

Mchumaji pamba wa Nkololo, huko Bariadi, huchuma amesimama chini. Mguu ukipinda, huanguka kimo chake tu. Sisi kazi yetu i juu ya matawi. Kwa hiyo kabla ya kupanda ujaribu mguu: usimame juu yake nusu dakika bila ya kuyumba, uinuke kwa vidole mara 10, kisha uruke kwa mguu huo. Ukiumia au ukiyumba, kaa chini uchambue karafuu, mti uwaachie wenzio. Kuteguka kwepesi huchukua wiki 1 au 2. Kuzito huweza kupita wiki 6.

Wazee walikwisha sema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nawatakia uchumaji wa salama.

Katibu