SOMO LA HISTORIA: FOTO ZA KWANZA ZA MISIKITI YA KAIRO



Sisi wa mwaka wa sita tunaona wengi wanaangalia foto ya kitabu haraka, halafu wanageuza ukurasa. Foto nayo inasomwa.

Mwaka 1839 Mfaransa Daguerre alitangaza ufundi wake. Kati ya 1842 na 1844 Mfaransa mwingine, Girault de Prangey, alibeba mashini ya foto mpaka Misri. Kule Kairo alipiga misikiti na minara ya wakati wa Wamamluki. Bamba lake lilikuwa la shaba lenye kupakwa feza, alilipitisha kwenye mvuke wa iodi, na nyuma ya kupiga, kwenye mvuke wa zebaki (kazi ya sumu ile!).

Mara nyingi njia inaonekana tupu. Je, Kairo hapakuwa watu? Walikuwako, lakini bamba lilitaka muda, na mwenye kutembea haachi alama. Jengo njo linabaki. Tena foto ya namna hii inageuza vitu kama kioo: kuume kunakuwa kushoto, maandiko ya Kiarabu yanasomeka kinyume. Asiyejua hayo atachora mnara upande usio wake, na kuapa kwamba ameuona!

Kila bamba lilikuwa moja tu, kopi hakuna. Girault alikufa 1892, na mabamba yake, kupita 800, yalikutwa nyumbani mwake miaka ya 1920.