Rekodi ya Jinai na Kazi ya Kuandika Programu: Yajue Haya Kabla ya Kuomba

Kwenye barabara ya kutoka mjini Nakuru kwenda Eldama Ravine, kuanzia Kiamunyi hadi Chuo Kikuu cha Kabarak, si vigumu kumpata kijana anayejua kuandika programu za kompyuta. Wengine walisomea chuoni, wengine walijifunza wenyewe kwa simu na kipakatalishi cha kuazima. Miongoni mwao wamo walio na jambo wasilopenda kulitaja: waliwahi kuhukumiwa mahakamani. Wengi wao hawajawahi kutuma hata ombi moja la kazi, kwa kuamini kwamba mlango umefungwa. Somo hili ni lao, na pia ni la wazazi wao na la wenye biashara wanaoajiri.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kazi ya kuandika programu haina leseni nchini Kenya. Mwalimu husajiliwa na TSC, muuguzi na wakili wana mabaraza yao, na hata mlinzi anayefungua lango la mtaa wenu anahitaji usajili chini ya Sheria ya Usalama wa Kibinafsi ya mwaka wa 2016, na rekodi ya jinai huangaliwa hapo. Mwandishi wa programu hana baraza la kumkagua. Palikuwa na mswada wa kutaka wataalamu wa teknolojia ya habari wasajiliwe kabla ya kufanya kazi, lakini mwaka wa 2022 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia sahihi. Kwa hiyo hakuna afisi inayoweza kukuambia kwamba wewe hufai kuandika programu. Anayeweza kukukataa ni mwajiri fulani, kwa kazi fulani, na mwajiri huyo ana wenzake.

Jambo la pili ni wakati wa kuulizwa. Zamani mtafuta kazi alibeba bahasha iliyojaa vyeti: cha polisi, cha KRA, cha HELB, cha EACC, cha ofisi za mikopo, na vyote alitakiwa kuvitoa hata kabla ya kuitwa kwa mahojiano. Marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyopitishwa mwaka wa 2022 yalibadilisha utaratibu huo. Sasa mwajiri hapaswi kukudai vyeti hivyo isipokuwa ananuia kuandikiana nawe mkataba wa kazi. Maana yake ni kwamba unafaa kupimwa kwanza kwa kazi yako, kisha cheti cha polisi kiitishwe mwishoni. Marekani walianza mapema: jimbo la Hawaii lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka wa 1998, na majimbo mengine yakafuata. Tofauti ni ndogo ukiisoma, lakini kwa anayehusika ni kubwa. Mtu aliyekwisha kuona programu uliyoandika ikifanya kazi hukisoma cheti chako kwa jicho jingine kabisa kuliko mtu anayekutana na jina lako kwa mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye cheti chenyewe, kile cha tabia njema, ambacho wengi wetu tunakiita tu good conduct. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa, unachapisha fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha unaenda na kitambulisho chako kuchukuliwa alama za vidole katika Huduma Centre ya Nakuru. Ushauri wetu ni huu: kiombe wewe mwenyewe, kwa pesa zako, kabla hujaanza kutafuta kazi. Wapo wanaoogopa miaka nenda miaka rudi kitu ambacho hakimo kwenye cheti. Wapo pia wanaodhani kesi yao iliisha, kumbe imeandikwa. Ni vibaya kuyajua hayo siku moja na mwajiri.

Ili uelewe utakachokiona, lazima ujue kesi yako iliishaje, kwa sababu kesi hazimaliziki kwa njia moja. Ukiachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai, wewe huna hatia. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla hujajitetea, hukuhukumiwa, ila upande wa mashtaka unaweza kuirudisha baadaye. Ukiwekwa chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, sheria inairuhusu mahakama kufanya hivyo ama baada ya kukutia hatiani ama bila kukutia hatiani, na hapo neno moja kwenye amri ya hakimu lina uzito. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinamruhusu hakimu kumwachilia mkosaji bila adhabu, kwa masharti au bila masharti. Nenda masjala ya Mahakama ya Nakuru, au ya mahakama iliyokusikiliza, ukiwa na nambari ya kesi, uombe nakala iliyothibitishwa ya hukumu au amri. Karatasi hiyo ihifadhi kama unavyohifadhi hatimiliki ya shamba.

Cheti kikionyesha kosa ambalo mahakama ilikuondolea, hiyo nakala ndiyo silaha yako. Iwasilishe kwa DCI uombe marekebisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kujua ni habari gani zako zimehifadhiwa, na haki ya kutaka zile za uongo au za kupotosha zirekebishwe.

Lakini ikiwa ulihukumiwa kweli, tusidanganyane. Uingereza ina sheria tangu mwaka wa 1974 inayosema kwamba hukumu nyingi, baada ya muda fulani, huhesabiwa kuwa zimepitwa na wakati, na mtu halazimiki kuzitaja tena kwa kazi nyingi. Kenya haina sheria ya jumla ya namna hiyo. Hukumu haichakai kwa kukaa tu. Njia zilizopo ni rufaa, ambayo kwa kawaida huwasilishwa ndani ya siku 14, ingawa mahakama inaweza kukuruhusu kuchelewa ukiwa na sababu nzuri, au maombi ya msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba. Zote mbili ni ndefu. Yule jamaa anayekuambia kwamba ana mtu wake ndani wa kukusafishia jina kwa elfu chache, mkimbie. Cheti cha kughushi ni kosa jipya, na mara hii utakuwa umelifanya ukiwa mtu mzima mwenye kazi ya kupoteza.

Hapa kuna neno kwa wazazi. Kijana akishikwa kwa kosa dogo, mara nyingi familia humshauri akubali mashtaka, alipe faini, arudi nyumbani jioni ile ile. Inaeleweka, maana rumande si mahali pa kumlaza mtoto wa mtu. Lakini kukiri kosa ni kutiwa hatiani, na faini ndogo inaweza kumfuata akiwa na umri wa miaka thelathini. Kabla ya kukiri, mwambieni aombe muda wa kuzungumza na wakili, au aulize kuhusu probesheni.

Sasa, mwajiri amependa kazi yako na ameitisha cheti. Usisubiri akisome peke yake. Mwambie kabla, kwa maneno machache, bila kulia na bila kulaumu mtu. Tuseme kijana alifungwa kwa wizi. Anaweza kusema hivi: "Kabla hujaona cheti changu, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Mwaka wa 2017 nilihukumiwa kwa wizi nikafungwa miezi kumi na minane. Nilimaliza kifungo, na sijashtakiwa tena tangu hapo. Tangu nitoke nimejifunza kuandika programu, na hawa wawili niliowafanyia kazi wako tayari kuzungumza nawe." Basi, anyamaze. Hadithi ndefu ya nani alimponza haimsaidii. Mwajiri anataka kujua mambo matatu tu: ni nini kilitokea, ni lini, na umefanya nini tangu hapo. Barua ya afisa wa probesheni, mwalimu au mteja inasaidia kuliko barua ya mjomba.

Na ukiulizwa swali la wazi, kwa mdomo au kwenye fomu, usijibu uongo. Mwajiri anayegundua hukumu ya zamani ambayo hukuulizwa bado anapaswa kufuata Sheria ya Ajira: akupe sababu na akusikilize kabla ya kukufuta. Ukifutwa kinyume cha utaratibu, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa Nakuru, na una miaka mitatu ya kuwasilisha dai. Lakini aliyedanganya kwenye fomu amempa mwajiri sababu halali mkononi, na hapo hata wakili mzuri atahangaika.

Chagua pia mahali pa kupiga hodi. Benki, bima, Sacco na kampuni zinazosafirisha fedha kwa simu huchunguza sana, hasa kama kosa lilikuwa la wizi, ulaghai au kughushi. Aliyehukumiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018 atapata ugumu zaidi, kwa kuwa kosa lenyewe liko kwenye kazi anayoiomba. Na kuna mlango mmoja ambao sheria inaulinda kwa makusudi: aliyehukumiwa kwa kosa la kingono analazimika kulitaja anapoomba kazi ya mamlaka au uangalizi juu ya watoto au watu wasioweza kujilinda. Asiyelitaja anatenda kosa jingine. Hilo hatuoni sababu ya kulipunguza.

Nje ya hayo, uwanja ni mpana. Duka la pembejeo linalotaka kujua mbolea imebaki mifuko mingapi, ushirika wa maziwa unaoandika lita kwenye daftari, shule inayotaka karo ya M-Pesa iingie yenyewe kwenye akaunti ya mwanafunzi: hawa ni wateja walio umbali wa matatu moja kutoka Kiamunyi. Safaricom ina jukwaa liitwalo Daraja ambako mwandishi wa programu anaweza kufanya majaribio ya malipo bila kugusa pesa halisi, kisha mteja akatumia nambari yake mwenyewe ya malipo. Mpangilio huo unakufaa wewe uliye na rekodi: pesa zinaenda moja kwa moja kwa mteja, hazipiti mikononi mwako, na hakuna wa kukushuku.

Njia nyingine ni kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na umeenea nchi nyingi. KenyaEMR inayotumika katika vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake. Ushahidi ilizaliwa mwaka wa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ghasia ambazo Nakuru haijazisahau. Anayetuma marekebisho kwenye msimbo wa mifumo kama hii haombwi cheti cha polisi. Huangaliwa kama marekebisho yake yanafanya kazi. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na ushahidi wa wazi, wenye tarehe na jina lako, ambao mwajiri yeyote anaweza kuufungua.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto. Katika gereza la San Quentin, California, mradi uitwao The Last Mile ulianza kuwafunza wafungwa kuandika programu mwaka wa 2014, bila hata intaneti, na baadhi yao waliajiriwa kama wahandisi walipotoka. Mwaka wa 2025 iliripotiwa kwamba mfungwa mmoja katika jimbo la Maine aliajiriwa na kampuni ya hifadhidata akiwa bado gerezani, baada ya kampuni hiyo kuona michango yake kwenye programu huria. Magereza yetu yanajulikana zaidi kwa useremala, ushonaji na kilimo, ingawa Naivasha, ndani ya kaunti hii, wafungwa wamekuwa wakifanya hata mtihani wa KCSE.

Mwisho ni kwa wewe unayeajiri. Ukipewa cheti chenye doa, linganisha kosa na kazi. Aliyepigana baa miaka minane iliyopita si hatari kwa hesabu za mbolea yako. Aliyeiba kwa mwajiri anaweza kutengeneza tovuti bila kupewa nywila ya akaunti ya benki. Nywila hiyo, kwa kweli, hupaswi kumpa mwandishi yeyote wa programu, awe na rekodi au asiwe nayo. Anza na mkataba wa miezi mitatu, gawanya malipo kwa hatua, na hakikisha msimbo unahifadhiwa kwenye akaunti iliyo chini ya jina la biashara yako. Nakala ya cheti chake usiipitishe kwa wafanyakazi wengine wala kuipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Ni data ya mtu, inalindwa na sheria ile ile ya 2019, na isipohitajika tena inafaa kuharibiwa.