Samaki Gani Wakae Pamoja Bwawani?



Ziwa limetufundisha. Mbuta waliotiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 waliwala fulu, aina nyingi zikatoweka. Basi tusichanganye samaki ovyo.

Ngege wakiwa peke yao bwawani huzaana mno. Chakula hakitoshi, wanadumaa. Tuongeze kambare, yaani mumi, mmoja kwa ngege kumi, wale vifaranga wanaozidi. Lakini angalieni! Kambare waingie baadaye, wakiwa wadogo kuliko ngege. La sivyo watawameza ngege wenyewe, na jasho la kikundi limepotea. Mbuta tusimtie kabisa.

Swali la kujadili: Bwawani kwetu, nani anamla nani?