Mkakao Uliokoma Kutoa Maua

Wakulima wengi wa bonde la Kilombero, hasa upande wa Mbingu, wamepanda mikakao. Mti huzaa vema miaka michache, kisha maua hupungua, na mwenyewe husema, "Umezeeka." Asitwae shoka upesi. Mara nyingi mti haukuzeeka, bali umejeruhiwa.

Kwanza na tujue maua hutokea wapi. Mwembe hutoa maua nchani mwa matawi. Mkakao huyatoa katika shina na matawi manene, mahali palipovimba kidogo. Mahali hapo twapaita kifundo cha maua. Kifundo kimoja huzaa mwaka baada ya mwaka, lakini kikiisha kung'olewa hapana kingine kiotacho mahali pake. Kwa hiyo tunda lisivutwe wala kusokotwa kwa mkono. Likatwe kwa kisu kikali katikati ya kikonyo, kipande kidogo kibaki mtini. Wala watoto wasiparamie mti, maana nyayo zao huchubua vifundo.

Pili, tutazame kivuli. Mkakao hupenda kivuli chepesi. Penye giza maua huwa haba. Punguzeni matawi ya miti mikubwa, mkate na machipukizi yaotayo wima shinani. Msipogoe kwa pupa, wala wakati mti umejaa maua.

Tatu, ni habari ya mdudu. Katika maua mia, yapata matano au pungufu ndiyo huwa matunda, na ua lisilopata chavua huanguka baada ya siku moja au mbili. Wapelekao chavua ni vijidudu wa jamii ya usubi, wadogo kuliko mbu, nao hawasumbui watu. Huzaliana katika majani yaozayo na vipande vya migomba vilivyokatwa. Basi mwenye kufagia shamba likawa jeupe kama uwanja huwafukuza watumishi wake, na mwenye kunyunyiza dawa ya wadudu ovyo huwaua. Acheni majani yaoze chini ya miti. Lakini matunda yaliyooza kwa ugonjwa yatolewe shambani na kufukiwa, yasiambukize mengine.

Mwisho, twawaomba msiuhukumu mti wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, maana ardhi ikikauka maua hupungua. Ngojeni mvua, ndipo mtazame.

Kutoka ua hata tunda bivu ni miezi mitano au sita. Basi kifundo kilichong'olewa leo ni sare ya mtoto iliyopotea mwakani, na mwaka wa pili, na wa tatu. Twawasihi wazee wa vijiji walitangaze neno hili mikutanoni. Nanyi walimu wa Mlabani na kwingineko, wapelekeni wanafunzi penye mkakao, wavihesabu vifundo vilivyo hai na vilivyokufa katika shina moja. Hesabu hiyo itawafundisha kuliko maneno yetu.