Wanormani na Waislamu wa Sisilia: Tunajifunza Nini?



Ndugu msomaji, tukizungumzia Uislamu katika Ulaya ya kale, wengi wetu huishia Andalusia. Tunakisahau kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, ambacho Waislamu walikitawala kwa zaidi ya miaka 200 kabla ya kuchukuliwa na Wanormani.

Wanormani ni nani?

Asili yao ni Waviking, mabaharia wa kaskazini waliokuwa wakipora miji ya Ulaya. Mwaka 911 mfalme wa Wafaransa alimpa kiongozi wao, Rollo, ardhi ili kupata amani. Ardhi hiyo ikaitwa Normandy. Walibatizwa, wakajifunza Kifaransa, wakawa wapiganaji hodari wa farasi. Mwaka 1066 mtawala wao William aliiteka Uingereza. Wengine walishuka Italia wakiwa askari wa kukodiwa, na baadaye wakawa watawala.

Sisilia ilivyopotea

Waislamu waliingia Sisilia mwaka 827 wakiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi wa Qayrawan aliyesoma kwa Imam Malik. Palermo ukawa mji wa misikiti. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika karne ya 10, aliandika kuwa ilizidi 300. Lakini karne ya 11 maamiri waligawana kisiwa na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ibn al-Thumna, aliposhindwa na shemeji yake Ibn al-Hawwas, aliwaendea Wanormani kuomba msaada. Robert Guiscard na mdogo wake Roger waliteka Messina mwaka 1061, Palermo mwaka 1072, na mwaka 1091 mji wa mwisho, Noto, ukasalimu amri. Mlango ulifunguliwa na mwenyeji.

Heshima bila kinga

Wanormani walikuwa wachache, na walijua thamani ya walichokikuta. Kiarabu kilibaki katika ofisi za serikali pamoja na Kigiriki na Kilatini. Joho la Mfalme Roger II lilitariziwa maandishi ya Kiarabu yenye mwaka 528 Hijria. Katika ikulu yake al-Idrisi aliandika kitabu cha jiografia, Nuzhat al-Mushtaq, kilichokamilika mwaka 1154. Humo imetajwa hata pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Malindi.

Je, heshima hiyo iliwalinda Waislamu wa kawaida? Mwaka 1161 wengi waliuawa katika ghasia za Palermo. Ibn Jubayr, aliyefika mwishoni mwa 1184, aliusifu ukarimu wa Mfalme William II, lakini aliwakuta watumishi wa ikulu wakificha Uislamu wao, na khutba ya Ijumaa imepigwa marufuku. Anasimulia juu ya mzazi aliyetaka kumwoza binti yake kwa hujaji mgeni ili tu atoke kisiwani. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1189, mashambulizi yalirudi. Karne ya 13 Frederick II, mjukuu wa Roger II, aliwahamishia waliobaki Lucera, Italia bara. Mwaka 1300 jamii hiyo ilivunjwa, wengi wakauzwa utumwani.

Mafunzo kwetu

1. Ugomvi wa ndani humwalika adui. Suratul Anfaal, aya ya 46, inatuonya kuwa kuzozana huondoa nguvu. Tulikumbuke hilo kila uchaguzi wa jumuiya unapokaribia.

2. Elimu humpa Muislamu heshima hata kwa asiye wa dini yake. Al-Idrisi alihitajiwa kwa sababu alikuwa bingwa wa fani yake. Nasi tusome kwa bidii.

3. Wema wa mtu mmoja huondoka naye. Tukipewa chumba cha kuswalia au nafasi ya Ijumaa kwa hisani ya kiongozi mmoja wa chuo, tumshukuru, kisha tuombe haki hiyo iandikwe katika kanuni. Akihama yeye, haki ibaki kwa wadogo zetu.

Allah atuunganishe nyoyo na atunufaishe kwa tunayoyasoma. Wallahu aalam.